Wino usiotoka kwa maji: namna ya kuutia katika kalamu ya nibu bila kuiziba

Anayeandika kombe, yaani aya za Kurani zinazooshwa zinywewe kama dawa, anataka wino uoshike. Zafarani huandikwa kwenye sahani, humwagiwa maji, na maandishi yote huingia majini. Wino mwingi wa kalamu za nibu, zile za kujazwa wino zenye ncha ya madini, una tabia hiyo hiyo: rangi yake imeyeyuka, na matone ya mvua yakiangukia hati, jina la mtu hutawanyika likawa doa. Wino wa chembe ni mwingine kabisa. Rangi yake haikuyeyuka. Ni unga laini mno, kwa wino mweusi mara nyingi kaboni kama ile ya masizi, unaoelea katika maji. Maji yakishakauka, chembe hunasa baina ya nyuzi za karatasi, na maji mapya hayana cha kuyeyusha.

Tabia hiyo inayoyalinda maandishi ndiyo inayoiziba kalamu. Wino wa kawaida ukikaukia kwenye nibu, maji matupu huulainisha. Wa chembe ukikaukia humo, maji matupu hayatoshi. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina lengo moja: wino usikauke ndani ya kalamu.

Tafuta wino ulioandikwa wazi kwamba ni wa kalamu za nibu. Platinum Carbon Black na Sailor Kiwaguro ni nyeusi, Sailor Sei-Boku ni buluu iliyokoza. Zote zinatoka Japani. De Atramentis wa Ujerumani wana jamii iitwayo Document, yenye rangi nyingi. Wino mweusi wa kuchorea, unaofungwa kwa sheleki (utomvu wa vanishi) au akriliki (plastiki ya rangi), usiutie kabisa: ukigandia ndani, kalamu hiyo pengine haitapona. Wino wa mhuri, wa printa, na ule wa masizi na gundi unaofaa kalamu ya tete, vyote visiingie humo. Upo pia wino wa chuma, kama Platinum Blue-Black, ambao hukoza kadiri unavyokutana na hewa na hustahimili maji vizuri. Huo hauna chembe bali una asidi, na nibu dhaifu ya chuma inaweza kuliwa.

Kabla ya wino, ipime kalamu, hasa kifuniko. Itie wino wa kawaida, andika mstari, ifunge, ilaze siku 7 bila kuigusa. Ikiandika tangu mstari wa kwanza, inafaa. Ikikwaruza karatasi kwanza ndipo wino ushuke, kifuniko kinapitisha hewa. Wino wa chembe usiingie humo. Kalamu ya bei nafuu inayofaulu vizuri ni Platinum Preppy, kwa kuwa ndani ya kifuniko chake mna kikombe kidogo chenye springi kinachoifunika nibu barabara. Chagua ya kufunguka yote, ili uweze kuitoa nibu pamoja na kile kipande cha plastiki chenye vichirizi kilicho chini yake. Kalamu ya kale yenye mfuko wa mpira, au ya thamani isiyofunguka, iachie wino wa kawaida.

Kujaza kwenyewe ni kazi ndogo. Kidau kipindue polepole mara kadhaa ili chembe zilizotuama zipande. Usikitikise kwa nguvu, povu litakusumbua. Kalamu iwe imeoshwa mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu wino wa aina mbili ukikutana, chembe huweza kushikana na kuwa tope. Jaza, pangusa nibu, funga. Wino uliokwisha kuingia katika kalamu usiurudishe kidauni.

Sasa usafi, na hapa ndipo kalamu nyingi zinapofia. Osha kila baada ya kujaza mara 2 au 3, na isipite wiki 4 hata kama unaandika kila siku. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za pwani yana chumvi au chokaa, na yakikauka huacha ukoko wake mwenyewe katika vichirizi. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, au maji safi ya betri. Soma lebo kwanza, maana vituo vya mafuta huuza pia maji ya betri yenye asidi, na hayo ni hatari kwako na kwa kalamu.

Chukua bomba la sindano la ml 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Sukuma maji kupitia nyuma ya nibu, taratibu, mpaka yawe meupe. Kisha tia tone 1 la sabuni ya vyombo katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, loweka nibu na kipande chake usiku mmoja, sugua vichirizi kwa mswaki laini, suuza mpaka sabuni iishe. Sabuni ikibaki, wino utashuka kwa wingi na kusambaa karatasini. Maji ya moto hupinda plastiki. Spiriti na asetoni huila.

Mistari ikianza kuwa mizito na kukoza kuliko kawaida, maji yamepungua ndani ya kalamu na chembe zimebaki. Usingoje izibe, mwaga na uoshe siku hiyo hiyo.

Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu wa hewa, wino hukauka kwa taabu na kingo za herufi hutawanyika. Hifadhi daftari katika mfuko uliofungwa, na yape maandishi saa 24 kabla ya kuyaamini. Pima kwenye karatasi ile ile utakayotumia: andika, ngoja hizo saa 24, weka tone la maji dakika 1, kausha kwa tishu, halafu pitisha kidole. Rangi ikitiririka, wino una rangi ya kuyeyuka ndani yake. Ikibaki mahali pake lakini ikachafua kidole, karatasi ni ya kung'aa na chembe hazikupata nyuzi za kushika. Badilisha karatasi, wino hauna kosa. Jambo hili lijue kabla ya kuandika anwani kwenye mzigo wa boti ya Pemba.

Kanzu ikiingia tone, ioshe papo hapo kwa maji mengi na sabuni. Likishakauka, jiki haitalitoa, kwa kuwa kaboni haipaushwi na klorini.