Jinsi ya Kutumia Kibandiko cha Kuzuia Mimba, Kuanzia Siku ya Kwanza Hadi Mzunguko Unaofuata

Katika kazi yangu ya uuguzi kwenye huduma za uzazi wa mpango, nimeona kwamba mwanamke anayepata mimba akiwa anatumia kibandiko mara nyingi hakukosea namna ya kukibandika. Alichelewa kuanza kipya baada ya wiki ya mapumziko, yaani siku 7 za kila mzunguko ambazo habandiki chochote. Kwa sababu hiyo nitaeleza hesabu ya siku kwa kirefu kuliko mambo mengine.

Kibandiko ni kipande chembamba chenye gundi upande mmoja, kinachotoa homoni mbili, estrojeni na projestini, ambazo hupenya kwenye ngozi na kuingia katika damu. Homoni hizo huzuia ovari kuachilia yai na huufanya ute wa shingo ya kizazi uwe mzito, hivyo mbegu za kiume hupita kwa shida. Kwa kuwa homoni hazipitii tumboni kama zile za vidonge, kutapika au kuharisha hakupunguzi nguvu yake. Kati ya wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka mmoja bila kukosea, hata mmoja si lazima apate mimba. Katika matumizi ya kawaida, yenye kusahau na kuchelewa, hupata mimba takriban 7.

Hatua ya kwanza: hakikisha kinakufaa

Usianze kabla ya kupimwa presha na kumweleza mtoa huduma historia yako yote ya afya, kwa sababu estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Kibandiko hakimfai mwanamke mwenye umri wa miaka 35 au zaidi anayevuta sigara, mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu kwenye mguu au mapafu, aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, mwenye saratani ya matiti au ugonjwa mkubwa wa ini. Hakimfai pia mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimeta au mistari ya mwanga. Dalili hii wengi hawaitaji mpaka waulizwe, basi itaje wewe mwenyewe. Anayenyonyesha mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 ni vyema achague njia nyingine, na aliyejifungua karibuni, hata kama hanyonyeshi, asianze kabla ya kuruhusiwa.

Taja dawa zote unazotumia. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa kama vile karbamazepini na fenitoini, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu ya homoni hizi. Uzito wa kilo 90 au zaidi nao huweza kupunguza ufanisi wake. Ukiambiwa kwamba hakikufai, usivunjike moyo: vipandikizi na kitanzi havina estrojeni, na kwa uzuiaji wa mimba vinakipita kibandiko.

Hatua ya pili: chagua siku

Ukibandika siku ya kwanza ya hedhi, kinga huanza siku hiyo hiyo. Ukianza siku nyingine, na una hakika kwamba huna mimba, tumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Siku ya wiki utakayoanza ndiyo itakayokuwa siku yako ya kubadili, kwa hiyo iandike kwenye kalenda au iweke kwenye kengele ya simu.

Hatua ya tatu: bandika

Chagua tako, tumbo, upande wa nje wa mkono wa juu, au mgongo wa juu, mahali ambapo nguo haibani wala kusugua. Usibandike kwenye titi kamwe, wala kwenye ngozi iliyochubuka au yenye vipele. Osha ngozi, ikauke kabisa, na usipake mafuta, losheni wala poda, kwa kuwa gundi haishiki juu ya mafuta. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaolalamika kwamba vibandiko vyao vinabanduka. Bandua nusu ya karatasi ya kinga bila kugusa gundi, weka upande huo kwenye ngozi, ondoa nusu iliyobaki, kisha kandamiza kwa kiganja kwa sekunde 10 na upitishe kidole kwenye kingo zote. Usikikate, na usikishikilie kwa plasta.

Kila siku kiguse uone kama kingo zimeshika. Kuoga, kuogelea na kutoka jasho hakuna tatizo.

Hatua ya nne: fuata hesabu ya wiki

Tuseme umeanza Jumatano. Jumatano ya pili unatoa kibandiko cha kwanza na kubandika cha pili mahali tofauti kidogo, ili ngozi ipumzike. Jumatano ya tatu unabandika cha tatu. Jumatano ya nne unakitoa hicho na hubandiki kingine kwa siku 7, na ndani ya siku hizo hutokwa damu kama ya hedhi. Jumatano ya tano unabandika kipya, hata kama damu bado inatoka, na hata kama haijatoka kabisa. Wengi hungoja damu ikatike kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu siku 7 bila homoni ndizo nyingi kabisa ambazo ovari inaweza kuvumilia bila kuanza kupevusha yai. Damu isipotoka mizunguko miwili mfululizo, pima mimba.

Kibandiko kilichotolewa bado kina homoni. Kikunje gundi igusane na gundi, kitupe kwenye taka mahali ambapo mtoto hafikii, na usikitupe chooni.

Hatua ya tano: kikibanduka au ukichelewa

Kikibanduka kwa muda usiozidi saa 24, kirudishe ikiwa bado kinashika vizuri, au bandika kipya mara moja. Siku yako ya kubadili haibadiliki. Zikizidi saa 24, au kama hujui kilibanduka lini, anza mzunguko mpya wa wiki nne kwa kibandiko kipya, na utumie kondomu kwa siku 7.

Ukichelewa kubadili katikati ya mzunguko, yaani mwanzoni mwa wiki ya pili au ya tatu, kwa muda usiozidi saa 48, bandika kipya papo hapo na uendelee na siku yako ya zamani. Ukipita hapo, anza mzunguko mpya na kondomu kwa siku 7. Ukichelewa baada ya wiki ya mapumziko, hakuna muda wa msamaha: bandika mara unapokumbuka, hesabu siku hiyo kuwa siku yako mpya ya kubadili, na tumia kondomu kwa siku 7. Kama ulifanya ngono bila kondomu katika siku hizo za kuchelewa, nenda ukaulize mapema kuhusu kinga ya dharura.

Hatua ya sita: jua cha kuvumilia na cha kukimbilia hospitali

Mwasho pale kilipobandikwa, matiti kuuma, kichefuchefu na matone ya damu katikati ya mzunguko ni mambo ya kawaida, na mengi hupungua ndani ya miezi 3. Kibandiko hakizuii magonjwa ya zinaa, kwa hiyo kondomu bado ina kazi yake.

Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, kichwa kikiuma kwa namna ambayo hujawahi kuipata, upande mmoja wa mwili ukilegea, au macho yakishindwa kuona vizuri au yakigeuka manjano, toa kibandiko na uende hospitali saa hiyo hiyo. Ukifika, sema wazi kwamba ulikuwa unatumia kibandiko chenye estrojeni, kwa maana mgonjwa anapoulizwa dawa anazotumia hukumbuka vidonge na sindano, na hiki kilicho chini ya nguo hukisahau.