Kumtunza mbwa au paka Lubumbashi: wapi pa kuanzia, nini cha kuuliza

Mbwa wengi wa Lubumbashi huletwa nyumbani kwa sababu moja, nayo ni kulinda lupango, yaani kiwanja cha nyumba, usiku. Kwa hiyo hupewa mabaki ya chakula, hushinda mnyororoni, na daktari huitwa pale tu mnyama anapokuwa ameshalala chini hawezi kunyanyuka. Wakati huo hata daktari hodari huwa na machache ya kufanya. Anayetaka kumtunza mnyama wake vizuri aanze mnyama akiwa bado mzima, kwa kumtafuta daktari wa wanyama atakayemfahamu na kwa kufungua kijitabu cha chanjo.

Mji wetu una bahati ya kuwa na kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo wenye elimu hiyo hawako mbali nasi. Wapo wanaotibu katika zahanati zao, na wapo wanaokuja nyumbani, jambo linalowafaa sana wakazi wa komini za Katuba, Kenya au Ruashi wasio na gari, maana si kila dereva wa teksi atakubali kupakia mbwa. Kabla ya kumkubali anayekuja nyumbani, mwulize alisomea wapi, kama hupatikana usiku, na bei ya kuja kwake ni kiasi gani mbali na bei ya dawa.

Swali lililo kubwa kuliko hayo yote ni mahali anapohifadhi chanjo. Chanjo za mbwa na paka hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi; zikipata joto kwa muda mrefu hupoteza nguvu, na ile ya kichaa cha mbwa ikiganda kwa barafu huharibika pia. Katika mji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, ni haki yako kuuliza friji huendeshwa na nini umeme unapokosekana, na kuona kwamba kichupa kimetoka katika sanduku lenye vipande vya barafu. Chanjo iliyoharibika huwezi kuitambua kwa macho: sindano huchomwa, fedha hulipwa, na mnyama hubaki bila kinga. Baada ya kuchoma, daktari abandike kijitabuni karatasi ya kichupa yenye namba ya toleo, aandike tarehe, kisha atie sahihi.

Mtoto wa mbwa huanza chanjo za parvo (ugonjwa wa kuhara na kutapika) na ugonjwa wa Carré (distemper), yote miwili ya virusi, akiwa na wiki 6 hadi 8, akarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa hutolewa akiwa na umri wa miezi 3, ikarudiwa mwaka unaofuata, kisha kwa muda ulioandikwa na watengenezaji. Paka naye huhitaji chanjo ya kichaa, ingawa wengi humsahau.

Nasisitiza kichaa kwa sababu hapa afya ya mnyama na afya ya watoto wa nyumba ni jambo moja. Binadamu wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa kwa kiasi kinachofikia asilimia 99, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Mtu aking'atwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Kidonda kisipakwe pilipili wala mafuta ya taa. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kutazamwa na daktari kwa siku 10, kwa sababu akibaki mzima hadi mwisho wa siku hizo, inajulikana kwamba hakuwa akiambukiza kichaa alipouma.

Kuhusu chakula, bukari (ugali) na ndakala (dagaa) humshibisha mbwa, lakini unga wa mahindi uliota ukungu usimpikie kamwe kwa kudhani kwamba tumbo lake linaweza kila kitu. Sumu ya ukungu huo huua ini la mbwa. Paka naye asipewe parasetamoli, hata kipande, humuua.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, kagua masikio na katikati ya vidole kila jioni utafute kupe. Ukiona jipu dogo lenye tundu katikati, huenda ni buu la nzi lililoingia ngozini. Lipake vazelini ili buu litokee kutafuta hewa, ndipo ulitoe bila kulipasua. Nzi huyo hutaga mayai mchangani na kwenye nguo zenye unyevu, kwa hiyo ndani ya nyumba nguo zote zipigwe pasi.

Mwenye kusafiri asimwachie mlinzi mbwa kwa maneno matupu. Amwachie chakula kilichopimwa, kijitabu, namba ya daktari na fedha kidogo za dharura, na amjulishe jirani mmoja. Anayekwenda na mnyama Zambia kupitia Kasumbalesa aulizie mapema masharti ya pande zote mbili za mpaka, kibali cha kuingiza na cheti cha afya vikiwemo. Kwa kuwa nchi nyingi hutaka wiki kadhaa zipite baada ya chanjo ya kwanza ya kichaa, maandalizi yaanze angalau miezi miwili kabla ya safari.