Jinsi ya kuomba namba ya kiraia kwa lori kuukuu la jeshi Uingereza, na injini inavyoweza kukuponza

Hii ni kwa wale wa huku Uingereza waliovutiwa na lori la jeshi la Bedford RL wakalinunua likiwa halina kadi ya usajili. Fomu ni V55/5, unaiagiza DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, inakuja kwa posta, ada ya usajili wa kwanza pauni 55, kopi ya leseni yako, hayo mnayajua siendelei nayo. Panapoliwa muda ni injini namba na mwaka wa gari, na watu wengi wanadhani hivyo viwili ni kitu kimoja.

Tuanze na injini. Kwenye bloku utakuta namba za aina mbili. Zile kubwa zilizoinuka zilitoka humohumo kwenye kalibu wakati chuma kinamiminwa, hizo ni namba za kipuri, maelfu ya bloku yanazo hizohizo. Injini namba yenyewe imegongwa kwa stempu, imezama ndani ya chuma, kwenye sehemu bapa iliyosawazishwa, na ndipo grisi ya miaka hamsini imeamua kukaa. Aliyeniuzia mimi aliandika ile ya kumimina kwenye risiti, tena kwa mwandiko mzuri kabisa, risiti ikasema hivi na lori likasema vile, ikabidi nimtafute anipe risiti nyingine na kumpata mtu ambaye ameshakula hela yako mnajua ilivyo. Kwa hiyo kagua namba mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Brashi ya waya, mafuta ya taa, sugua mpaka chuma kionekane, halafu weka karatasi nyembamba juu yake upitishe penseli kiubavu, namba inajichora yenyewe. Kisha piga picha na hiyo karatasi ikiwa pembeni, maana picha peke yake mwanga unarudi na 3 inageuka 8.

Kujua injini ni ya enzi gani sio kazi sana. RL zilitengenezwa 1953 mpaka 1969, za jeshi zilikuja na petroli ya silinda sita, lita 4.9, wenyewe wanaiita 300 kwa inchi zake za ujazo. Ukikuta 214, yaani lita 3.5, hiyo ni injini ya enzi za QL, lori la vita vya pili. Ukikuta dizeli 330 ya lita 5.4 jua mtu alichoka kununua petroli akabadilisha, injini hiyo ni ndugu ya zile za Bedford TK, malori ya kiraia ya mtaani.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Jeshi halikuwa na habari ya injini kuzeeka na lori lake. Lori likiingia karakana kubwa za REME, kikosi cha mafundi wa jeshi, injini inashushwa, linapewa nyingine iliyokwisha kufanyiwa ovahoo, ile ya kwake inatengenezwa inasubiri lori la mwenzake. Kile kibati kidogo chenye tarehe unachokiona kwenye injini mara nyingi ni tarehe ya ovahoo, ukikiandika kama mwaka wa gari unajitafutia kesi. Kwenye fomu andika injini iliyopo sasa hivi, wala hakuna shida ikiwa sio ya kuzaliwa nayo. Mwaka uthibitishe kwa chesisi.

Chesisi namba iko kwenye kibati cha ndani ya kabini, kama hakijang'olewa na mpenda vitu vya ukumbusho. Kitu kingine cha kutafuta ni namba ya jeshi, tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Kama imepotea nenda kwenye bampa na msasa wa maji, polepole, usikimbilie grainda. Langu lilianza na kijani ya muuzaji, chini yake nyeusi, kijani nyingine iliyokolea, ndipo nyeupe ya herufi ikaanza kuchungulia, herufi moja kwanza, jioni nzima imeisha.

Ukishaipata waandikie makumbusho ya Royal Logistic Corps, kikosi cha ugavi na usafirishaji cha jeshi, Worthy Down karibu na Winchester, wanazo kumbukumbu za magari ya jeshi na wanakutafutia kwa malipo. Jibu lao lipeleke kwenye klabu ya magari ya kijeshi wakuandikie barua ya kuthibitisha mwaka. Na kama muuzaji anayo Fomu 654 ya wizara ya ulinzi, ile ya gari kutolewa jeshini, usitoke yadi bila hiyo. Ukikosa ushahidi wa umri au wa utambulisho unapewa namba inayoanza na Q, lori linatembea vizuri tu ila siku ya kuuza kila mnunuzi atakuuliza hiyo Q imetoka wapi.

Wenye Green Goddess, yale magari ya zimamoto ya Bedford ya kijani, hizi habari za namba ya jeshi haziwahusu, yalikuwa na namba za kiraia tangu zamani, tafuteni hiyo ya mwanzo.

Lori la zaidi ya miaka 40 unaliombea daraja la gari la kihistoria, kodi ya barabara sifuri, lakini ukianza kubebea watu mizigo kwa hela msamaha huo huna. Kila kitu kinaenda Swansea, makao ya DVLA, kwa posta, ofisi zao za mikoani zilifungwa 2013 kwa hiyo hakuna dirisha la kwenda kumbembeleza mtu, tuma kwa njia ya kusainiwa na ubaki na kopi ya kila karatasi. Kadi ikifika usiishangilie kwanza, shika ule mchoro wako wa penseli ulinganishe herufi kwa herufi, hasa sifuri na O.