Ukipita uwanja wa ndege wa Moi, jua aliye mbele yako ni nani

Watu wa hapa Majengo, Mombasa, wakipata safari huwa wanapita kwangu kwanza, maana kazi yangu ni usaidizi wa kisheria. Maswali yao ni yale yale: simu watachukua? Buibui nitavuliwa? Nikizuiwa nimpigie nani? Nami huwajibu kwamba uwanjani utakutana na watu wa aina tatu wenye mamlaka, na mamlaka ya kila mmoja yana mpaka wake. Ukiwachanganya, utamgomea asiyefaa kugomewa, kisha umtii yule anayekuonea.

Wa kwanza ni mkaguzi wa mizigo. Huyu mpe ushirikiano wote. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa kwa nini amewekwa pale. Tarehe 28 Novemba 2002 ndege ya Arkia ilipaa kutoka uwanja huu huu ikarushiwa makombora mawili, yakaikosa. Asubuhi hiyo hiyo hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, na kati ya waliokufa walikuwemo Wakenya 10, baadhi yao wacheza ngoma waliokuja kulaki wageni. Kwa hiyo vua mshipi, toa sarafu mfukoni, pitisha begi.

Achari na pilipili ya embe zitie kwenye mzigo mkubwa. Kwa safari za nje, chupa inayozidi mililita 100 hupiti nayo mkononi. Halua ukiibeba mkononi, iweke juu kabisa ya begi na usiizungushie selotepu. Kwenye eksirei inaonekana bonge zito, na begi litafunguliwa tu. Ikiwa juu, mkaguzi ataiona, ataifunga, nawe hutabaki ukiokota kanga zako sakafuni mbele ya foleni nzima.

Dada, ukitakiwa kupapaswa, sema mapema kabla hujaguswa: "Naomba afisa wa kike, na tuingie faraghani." Si hisani unayoomba. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha, na ibara ya 28 ya Katiba inalinda heshima ya kila mtu. Aliyevaa nikabu lazima uso ulinganishwe na pasipoti, lakini anaweza kuomba auonyeshe kwa mwanamke, kando.

Wa pili ni afisa wa uhamiaji. Huyu ana haki ya kukuuliza uendako na shughuli yako. Jibu kwa ufupi na kwa kweli, na kama unakwenda kazini Uarabuni shika mkataba uliochapishwa, usitegemee picha iliyo kwenye simu. Ukiwa na pesa taslimu zaidi ya dola 10,000, zitangaze kwa forodha kabla hujaulizwa. Afisa wa uhamiaji akikwambia "leo husafiri", usipige kelele. Ibara ya 39 inakupa haki ya kutoka nchini, na ya 47 inakupa haki ya kuandikiwa sababu unapofungiwa haki yako. Omba maandishi. Akikataa, andika wewe jina lake, saa na maneno aliyosema. Miguna Miguna, wakili aliyekuwa upande wa upinzani, alifukuzwa nchini Februari 2018. Aliporudi Machi alizuiliwa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kisha akapakiwa ndege kwenda Dubai, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri za kumlinda. Alirejea Oktoba 2022. Basi usiende na haki yako kichwani tu. Uwe na karatasi na mashahidi.

Wa tatu ni polisi, awe na sare au awe kachero. Hapa ndipo nataka usikie vizuri. Uliza kwa adabu: "Afande, nimekamatwa? Kwa kosa gani?" Kama hukukamatwa, uliza kama unaweza kwenda. Kama umekamatwa, ibara ya 49 inasema uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, unyamaze ukitaka, uzungumze na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Simu, kuiwasha ili mkaguzi aone inafanya kazi ni sawa. Kusoma ujumbe wako ni jambo jingine: ibara ya 31 inalinda mawasiliano yako, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtaka polisi akaombe kibali cha mahakama. Usimpe nywila kwa sababu tu amekukazia macho.

Mohammed Abdul Malik Bajabu alikamatwa hapa Mombasa mwaka 2007 akishukiwa kwa shambulio lile lile la Kikambala. Alikabidhiwa kwa Wamarekani, akapelekwa Guantanamo, jela yao ya kijeshi kule Kuba, akarudishwa Kenya Desemba 2024 bila kufunguliwa mashtaka. Karibu miaka 18. Kama ana hatia, ilikuwa kazi ya hakimu kuamua. Waliouawa Kikambala nao walistahili kesi hiyo isikizwe.

Kabla ya kutoka nyumbani, andika nambari ya wakili kwenye karatasi uitie ndani ya kiatu au mfukoni, kwa kuwa simu inaweza kuchukuliwa. Mwachie ndugu mmoja nakala ya pasipoti na tiketi. Abaki karibu na uwanja mpaka ndege ipae, nawe umtumie ujumbe kila ukimaliza meza moja. Ukinyamaza, aende kituo cha polisi cha uwanjani akuulizie kwa jina, aombe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kisha ampigie wakili kabla ya kupigia jamaa. Malalamiko dhidi ya polisi yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi. Ya maafisa wengine wa serikali, Tume ya Haki za Utawala.