Kuchagua na Kuandaa Skrambla Ndogo kwa Njia za Menengai, Mau na Nandi

Ninatengeneza pikipiki mjini Nakuru, na siku za mapumziko huziendesha kwenye mawe ya mlima wa volkano wa Menengai, kwenye matope ya msitu wa Mau, na kwenye miteremko ya Nandi inayoshuka kuelekea tambarare za Kano. Mtu anayenijia akitafuta skrambla, yaani pikipiki ya njia za porini, ya kupandia milima mara nyingi huwa ameshaamua kwamba anahitaji injini kubwa, na wengi huwa wameweka akiba kwa ajili hiyo. Kabla ya kuzungumza bei, mimi huilaza pikipiki chini uani na kumwomba aiinue, kisha aiinue tena, hadi mara 5. Akifika mara ya 3 akiwa amechoka, pikipiki hiyo itamshinda kwenye mteremko wa matope ambako hakuna wa kumsaidia, hata ikiwa na nguvu kiasi gani.

Hatua ya 1: Pima uzito na mwinuko kabla ya kupima nguvu

Skrambla ya cc 125 hadi 200 inatosha kwa njia zetu. Pikipiki ya uzito wa kilo 100 hadi 130 hugeuzwa kwa mkono kwenye njia nyembamba ya ng'ombe, huvushwa mtoni na watu wawili, na ikianguka haielekei kuvunja mguu wa mtu kwa urahisi. Ni kweli kwamba mwinuko hupunguza nguvu. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo lililopungua kwa karibu sehemu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Ukifika Timboroa, palipo zaidi ya mita 2,700, upungufu huo unapita robo. Injini inayovuta hewa chache huchoma petroli kidogo na kutoa nguvu kidogo. Hata hivyo, upungufu huo hurekebishwa kwa gharama ndogo kupitia sproketi, yaani magurudumu yenye meno yanayozungushwa na cheni, kama nitakavyoeleza, ilhali uzito ulionunuliwa pamoja na injini kubwa hauondoki.

Hatua ya 2: Chagua kulingana na vipuri vinavyopatikana karibu nawe

Yamaha DT 175 ndiyo skrambla ambayo wazee wengi wa mashinani wanaijua. Injini yake ni ya mizunguko miwili (two-stroke), ni nyepesi, na magurudumu yake ya inchi 21 mbele na 18 nyuma ndiyo yanayofaa kabisa kwa mawe, kwa sababu gurudumu kubwa la mbele hupanda juu ya jiwe badala ya kuligonga. Ukiipata nzuri, hakikisha kwamba pampu ya oili inafanya kazi, au kama iliondolewa, mwulize mwenyewe kwa uwazi amekuwa akichanganya oili na petroli kwa kipimo gani. Injini ya mizunguko miwili iliyokosa oili hata kwa muda mfupi hukwaruza silinda.

Yamaha XTZ 125 ina vipimo hivyo hivyo vya magurudumu, inapozwa kwa hewa, na injini yake ya mizunguko minne haina siri kwa fundi yeyote. Ndiyo ninayomshauri anayeanza. Honda XR150L nayo ni imara na ina kiki ya mguu pamoja na stata, jambo lenye thamani betri inapokufa msituni, ila gurudumu lake la mbele ni la inchi 19 na la nyuma ni 17, kwa hiyo ni nzuri zaidi kwa barabara za murram kuliko kwa mawe makubwa.

Wapo wanaouliza kama pikipiki ya boda inaweza kugeuzwa kuwa skrambla. Inaweza, kwa kiasi fulani. Vipuri vyake viko kila soko kuanzia Nakuru hadi Kibuye kule Kisumu, na hilo ni jambo kubwa. Kinachoizuia ni shoki za mbele, ambazo kwa nyingi husafiri karibu milimita 120 tu, wakati skrambla nyingi ndogo hupata 180 au zaidi, na pia ekzosi inayopita chini ya injini mahali ambapo jiwe la kwanza litaigonga. Kama fedha zilizopo ndizo hizo, iandae kwa tairi na sproketi, uiendeshe polepole, na usiirushe.

Hatua ya 3: Kagua fremu na karatasi

Vua kiti na tangi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Niliwahi kununua pikipiki iliyokuwa inang'aa kwa rangi mpya, nikaipeleka Eburru, na kwenye mteremko wa tatu usukani ukaanza kuvuta kushoto. Jioni nilipoondoa tangi nikakuta shingo ya fremu ilikuwa imepasuka, ikachomewa, na kidonda kikafichwa chini ya rangi. Kwa hiyo angalia shingo, angalia mahali ambapo mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, umeshikana na fremu, na upitishe kidole kwenye kila kiungo kilichochomewa.

Kisha inua gurudumu la mbele, uzungushe usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi unakwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto, kwani likicheza, bushi za mkono wa nyuma zimelika. Washa injini ikiwa baridi, wala usikubali kukuta imeshapashwa moto, maana injini yenye moto huficha ugumu wa kuwaka. Mwishowe, thibitisha kwamba namba ya fremu na ya injini zinalingana na logbuku, na ufanye utafutaji wa mmiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen kabla ya malipo. Pikipiki hii itapita barabarani kabla ya kufika porini, kwa hiyo namba, taa, vioo na honi vibaki mahali pake.

Hatua ya 4: Tafuta mteremko wa kupimia

Chagua kipande kimoja cha njia kilicho karibu na nyumbani, chenye mawe, kona moja na mwinuko wa kutosha kuisumbua injini. Changu kiko kwenye njia inayopanda kuelekea ukingo wa Menengai. Kila badiliko utakalofanya, lifanye peke yake, kisha urudi kwenye kipande hicho hicho. Anayebadilisha tairi, sproketi na shoki siku moja hawezi kujua ni lipi lililomsaidia na ni lipi lililomharibia, na nimewahi kuwarudishia watu pikipiki katika hali yake ya awali kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 5: Tairi na upepo

Anza na tairi, kwa sababu hakuna kingine kitakachobadilisha pikipiki kwa kiasi hicho. Tairi yenye meno marefu yaliyoachana hushika udongo mwekundu wa Kakamega na Nandi, na hujisafisha matope yanapoingia kati ya meno. Udongo mweusi wa tambarare za Kano hushinda karibu tairi yoyote ukilowa. Huko nakushauri usubiri ukauke. Weka tyubu nene mbele na nyuma.

Upepo wa barabarani ni mwingi mno kwa njia za porini, kwani tairi iliyojaa hudunda juu ya mawe badala ya kuyashika. Kwenye matope ninashuka hadi PSI 15, na kwenye mawe makali ya volkano ya Menengai ninabaki kati ya 18 na 20, kwa sababu chini ya hapo jiwe huibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Beba pampu ndogo ya mkono ili uongeze upepo kabla ya kurudi kwenye lami.

Hatua ya 6: Sproketi

Hapa ndipo mwinuko wa Nakuru unapolipiwa. Gawanya idadi ya meno ya sproketi ya nyuma kwa ya mbele. Pikipiki yenye 15 mbele na 45 nyuma ina uwiano wa 3.0. Ukiweka 14 mbele, uwiano unakuwa 3.21, yaani mvuto umeongezeka kwa takriban asilimia 7, na kasi ya juu ikapungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Ili kupata badiliko hilo kwa upande wa nyuma ungehitaji meno 48, ambayo ni gharama zaidi na huenda cheni ikahitaji kurefushwa. Ndiyo maana ninaanza na jino moja la mbele, ninarudi mlimani, na nikihisi bado gia ya kwanza ni ndefu, yaani ina kasi kuliko mvuto, ndipo ninapogusa ya nyuma. Sipunguzi zaidi ya meno mawili mbele, kwa kuwa sproketi ndogo hukunja cheni kwa ukali na kuisugua kwenye mkono wa nyuma.

Utajua umefika pale ambapo gia ya kwanza inakupandisha kwenye mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kushikilia klachi nusu. Klachi inayoshikiliwa nusu kwa dakika nyingi huungua, na harufu yake hutaisahau ukishaisikia mara moja ukiwa mbali na nyumbani. Cheni ikishafungwa, iache na ulegevu wa milimita 30 hadi 40, na upime tena mtu akiwa amekaa, kwa sababu shoki inapobonyea cheni hukaza.

Hatua ya 7: Kinga

Bamba la chini ya injini linaweza kutengenezwa na fundi wa juakali kwa alumini ya milimita 4. Lifungwe kwenye fremu, kamwe lisifungwe kwenye injini yenyewe, maana pigo la jiwe litapitishwa moja kwa moja hadi kwenye kasha la injini. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya bamba na injini, toboa tundu chini ya bolti ya kumwagia oili, na utoboe matundu mengine ya kupitisha matope na hewa, kwani injini hizi hupozwa kwa hewa.

Funga kinga za mikono zenye chuma ndani. Zungusha utepe wa plastiki wa mafundi bomba chini ya vibano vya breki na klachi, kisha uvikaze kiasi tu, ili pikipiki ikianguka mkono wa klachi uzunguke badala ya kuvunjika. Nimeokoa safari nyingi kwa utepe huo.

Hatua ya 8: Mkao na shoki

Njia za porini huendeshwa kwa kusimama. Simama kwenye vikanyagio, ufumbe macho, unyooshe mikono. Mahali viganja vinapoangukia ndipo usukani unapopaswa kuwa. Kama unalazimika kuinama, uinue. Ondoa mipira ya vikanyagio na uombe fundi akuchomelee meno, kwa kuwa kiatu chenye matope huteleza juu ya mpira.

Kwa shoki ya nyuma, pima umbali kutoka ekseli hadi alama uliyoweka juu yake gurudumu likining'inia, kisha upime tena ukiwa umekaa na vifaa vyako vyote. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari nzima ya shoki, yaani takriban milimita 60 kwa shoki ya milimita 180. Ikizidi, kaza springi. Za mbele zikizama sana, kipande kifupi cha bomba gumu la plastiki juu ya springi huziinua, na oili nzito kidogo huzituliza. Kiasi cha oili kifuate kitabu cha pikipiki yako.

Hatua ya 9: Hewa, mwinuko na maji

Vumbi la Nakuru ni jivu laini la volkano, nalo hupita kwenye filta iliyokauka na kula silinda. Osha filta ya sponji kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, ikauke kivulini, uitie oili na kuikamua kwa kuibonyeza bila kuisokota. Paka grisi kwenye ukingo inapokalia. Nikiwa Solai wakati wa kiangazi nafanya hivi kila jioni.

Kabureta iliyopangwa Kisumu, mita zipatazo 1,130, itakuwa na petroli nyingi mno ukifika Mau. Injini itakohoa na plagi itakuwa nyeusi. Pandisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja, ili sindano ishuke na kupunguza petroli, na ikibidi weka jeti kuu, kidude chenye tundu la kupitisha petroli, iliyo ndogo kwa hatua moja. Plagi yenye rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Kumbuka kurudisha kila kitu ukishuka, kwa sababu injini inayokosa petroli kwenye joto la ziwa huungua.

Mirija ya kupumulia ya kabureta ipandishe chini ya tangi, ili isizibwe na maji ya mto. Injini ikimeza maji, usibonyeze stata. Toa plagi, piga kiki hadi maji yaishe, kisha uangalie oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage kabla ya kuwasha.

Hatua ya 10: Kilomita 50 za kwanza

Beba spana zako, kiungo cha cheni, tyubu moja ya mbele ambayo kwa dharura huingia pia nyuma, na kebo ya klachi ya akiba iliyolazwa kando ya ile inayotumika. Baada ya kilomita 50 za kwanza, kaza tena kila bolti uliyoigusa, kisha zungusha magurudumu ukigonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Kaza zilizolegea robo ya mzunguko tu kwa wakati mmoja, ukipita kutoka upande mmoja wa rimu hadi ule wa pili, na urudie kesho yake baada ya kupanda tena ule mteremko wako.