SOMO: Chavua ya mahindi hutengenezwa kabla hujaiona

Mbelewele (maua ya kiume kileleni mwa mmea) zikichomoza, wengi husema mahindi sasa ndiyo yanaanza kazi. Kwa upande wa chavua, kazi kubwa imeshapita. Fuateni hatua hizi shambani, wembe mkononi.

1. Tafuta mmea ambao mbelewele bado imefichwa na majani ya juu. Pasua bua taratibu. Utaikuta changa, imebanana. Kila kijiua chake kina vifuko vitatu vya chavua, na kila kifuko kina vyumba vinne, ingawa hivyo vinahitaji hadubini.

2. Vyumbani mna seli mama zenye kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 20. Kila moja hugawanyika mara mbili mfululizo (ndiyo meiosisi), zikapatikana seli nne zenye kromosomu 10 kila moja.

3. Hatua hii vitabu vingi huipita mbio, nami naiona ndiyo roho ya somo. Seli zile nne hukaa zimefungwa pamoja ndani ya ukuta. Tabaka la ndani la kifuko, tapeto, hutoa kimeng'enya cha kuuyeyusha, kisha hulisha kila seli mpaka ikue. Ikimaliza kulea, tapeto yenyewe hufa. Ikifa mapema, kwa joto kali au ukame, unabaki na vifuko vyenye chavua tasa. Kwa macho mbelewele ni nzima kabisa!

4. Kila seli hugawanyika tena, safari hii bila usawa. Kubwa ndiyo itakayoota mrija, njia ya mbegu za kiume kufikia yai; ndogo huzaa mbegu mbili za kiume. Punje ya chavua hujazwa wanga, na ukuta wake mgumu huachiwa tundu moja la kutokea mrija.

5. Asubuhi umande ukikauka, vifuko huning'inia na kufunguka nchani. Tikisa mbelewele juu ya karatasi nyeusi: vumbi la njano ndilo hilo. Mmea mmoja humwaga kwa takriban wiki moja.

MASWALI YA WANACHAMA

— Mwalimu, mvua ikinyesha wakati huo tumepoteza?
Hapana. Vifuko vilivyolowa havifunguki, husubiri kukauka. Mvua ya saa chache haina neno.

— Naweza kukata mbelewele nilishe ng'ombe?
Subiri ndevu zikauke ziwe kahawia, ndugu yangu. Wanaong'oa mbelewele mapema kwa makusudi ni wazalishaji wa mbegu chotara: huziondoa kwenye mistari ya kike ili ipate chavua ya mistari ya kiume peke yake.

— Vumbi lilikuwa tele lakini magunzi yana mapengo. Kwa nini?
Kila unywele wa ndevu ni wa punje moja. Ukame huchelewesha ndevu, zikatoka chavua imekwisha. Na chavua ikishamwagika haiishi muda mrefu, juani hata zaidi. Au ilikuwa tasa tangu hatua ya 3.

— Kuna namna ya kujua kabla ya kuvuna?
Ipo. Siku chache baada ya mbelewele kumwaga, chuma hindi moja, menya maganda kwa uangalifu, lishike kichwa chini ulitikise. Ndevu zilizopata chavua huanguka zenyewe. Zilizogoma kuachia, hapo hapana punje.