Namna ya kuchambua chama kilichopanda na kuporomoka upesi: mfano wa LPF ya Uholanzi

Wengi huandika kwamba Lijst Pim Fortuyn (LPF) ilikufa pamoja na mwanzilishi wake, mwanasiasa Pim Fortuyn. Tarehe zinakataa, kwa hiyo zipange kwanza kabla ya kutafuta sababu. Februari 10, 2002, chama cha Leefbaar Nederland kilimwondoa Fortuyn kwa matamshi yake kuhusu Uislamu. Siku nne baadaye alianzisha LPF. Mei 6 akauawa kwa risasi mjini Hilversum, na Mei 15, siku ya uchaguzi, chama kikazoa viti 26 vya bunge kati ya 150, yaani ushindi ulikuja siku tisa baada ya kifo.

Sasa piga hesabu. Gawa kura halali, takriban milioni 9.5, kwa 150: kiti kimoja ni kura kama 63,000, na hakuna kizingiti kingine. LPF ilipata zaidi ya milioni 1.6, zinazotosha viti 25 na ushee. Cha 26 kilitoka kwenye mgawo wa viti vya masalio, yaani vinavyobaki baada ya kila chama kupewa viti vyake kamili. Kisha tazama kura za majina, kwani huko mpiga kura huchagua jina la mgombea kwenye orodha ya chama. Zaidi ya milioni 1.3 zilipigiwa jina la marehemu, maana orodha ya wagombea ilikwishafungwa. Waliobaki waliingia bungeni kwa mgongo wake, wengi bila hata kufahamiana.

Hapo ndipo pa kuchimba. Serikali ya mseto iliapishwa Julai 22, na naibu waziri mmoja wa LPF akajiuzulu siku hiyohiyo. Mawaziri wawili wa chama hicho, Bomhoff na Heinsbroek, waligombana hadi serikali ikaanguka Oktoba 16. Usisahau sheria ya huko: mbunge akihama chama anaondoka na kiti chake, tofauti na Tanzania au Kenya. Hivyo kiongozi wa wabunge hana fimbo ya kuwatishia wakorofi.

Januari 2003 LPF ilibaki na viti 8, huku PvdA, chama cha Leba, ikipanda kutoka 23 hadi 42. Usitoe moja kwenye nyingine ukadhani wapiga kura walihamia huko moja kwa moja; jedwali la viti halionyeshi nani alihama, hilo linahitaji utafiti wa maoni.

Mwisho, linganisha na PVV, chama cha Geert Wilders. Mwaka 2006 LPF iliambulia patupu, PVV ikapata 9. Tofauti ya kuchunguza ni hii: Wilders ndiye mwanachama pekee wa chama chake.